Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atajirike kwa usiku mmoja. Tofauti iliyopo baina ya kauli hizo mbili ndiyo tunayopenda kuizungumzia leo, kwa kuwa miongoni mwa watu wanaosafiri kwenda kusini kila msimu wa Ligi Kuu, kuangalia kandanda katika Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa, wamo ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia. Watu hao huvuka bahari, hulala njiani, hutumia akiba zao, na hurudi makwao na habari. Habari hizo ndizo zitakazoamua kama mwaka ujao watakwenda tena.

Tunayasema haya tukiwa na mfano wa mbali mbele ya macho yetu. Huko Uingereza, katika mji wa Cheltenham, kila mwaka mwezi wa Machi hufanyika sikukuu kubwa ya mbio za farasi. Hizi si mbio za uwanja mtupu, bali ni mbio za kuruka: farasi hupita masafa marefu huku wakiruka viunzi na vizuizi vilivyosimamishwa njiani, na mara nyingi mpanda farasi huanguka kabla ya kuuona mwisho. Sisi tunazijua mbio za namna hiyo kwa miguu ya wanadamu. Ndugu Filbert Bayi aliiletea Tanzania medali ya fedha mwaka 1980 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Farasi hatuna, na wala nchi zetu za mbung'o hazikuwa mahali pa kuwafuga. Hata hivyo mafunzo ya Cheltenham hayahitaji farasi ili yaeleweke.

Sikukuu ile huchukua siku nne, na hufikia kilele chake siku ya Ijumaa kwa mashindano ya Kombe la Dhahabu, ambayo yalianza kukimbiwa kwa kuruka viunzi mwaka 1924. Mji wenyewe una wakazi wapatao 119,000 tu. Lakini mwaka 2022 waliopita katika milango ya uwanja kwa siku hizo nne walizidi 280,000, idadi ambayo haikuwa imewahi kuonekana hapo kabla. Kila mwaka huchapishwa miongozo ya kumweleza mgeni afike saa ngapi, avae nini kwa baridi ya Machi, ashuke kituo gani na alale wapi. Mtu angedhani mji kama huo umekwisha kuzishinda shida zote za kupokea wageni.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2023 idadi ilishuka ikawa kiasi cha 240,000. Mwaka 2024 ilikuwa kiasi cha 230,000, na mwaka 2025 ikafikia kiasi cha 219,000. Katika miaka mitatu walipungua watu zaidi ya 60,000. Farasi hawakupungua mbio wala viunzi havikupunguzwa urefu. Waendeshaji wenyewe, walipotafuta sababu, walitaja miongoni mwake gharama za malazi, kwani chumba kilichokuwa na bei ya kawaida mwezi wa Februari kilipanda mara kadhaa ilipofika wiki ya sikukuu. Wageni wengi walipiga hesabu, wakaona ni nafuu kukaa nyumbani na kutazama mbio katika televisheni. Hakuna aliyewafukuza, bali walikamuliwa mpaka wakachoka.

Hatusemi kwamba Ruangwa ni Cheltenham. Mji mmoja umezoea wageni kwa zaidi ya karne, na mwingine umeanza juzi. Lakini kanuni ya mgeni ni ile ile popote duniani. Na mji ulioanza juzi una bahati moja ambayo mkongwe hana: unaweza kujifunza kabla ya kuharibikiwa.

Tukumbushane jinsi ilivyoanza. Timu ya Namungo, yenye jina la kijiji cha wachimba dhahabu wadogo wadogo wilayani Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20. Katika msimu huo wa kwanza ilimaliza katika nafasi ya nne, tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Sumbawanga mwezi wa Agosti 2020, ambako ilifungwa na Simba mabao mawili kwa moja. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai mwaka huo huo, Simba ilikabidhiwa kombe la ubingwa wa Ligi Kuu katika uwanja wa Ruangwa, baada ya timu hizo mbili kutoka sare bila ya kufungana. Kwa siku hiyo moja mji ambao watu wengi wa visiwani hawakuweza kuuonyesha katika ramani ulikuwa ndio kitovu cha kandanda ya nchi nzima.

Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa mashindano yote mawili, Namungo iliiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho la Afrika la 2020/21, ikafika hatua ya makundi na kukutana na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Hapo ndipo penye fundisho. Mechi zake za nyumbani katika hatua hiyo zilichezwa Dar es Salaam. Wageni kutoka nchi tatu walikuja kucheza na timu ya Ruangwa, lakini si mama lishe wa Ruangwa aliyewauzia chakula, wala si nyumba ya wageni ya Ruangwa iliyowapa kitanda. Sikukuu ilikuwa na jina la mwenyeji, na mapato yakabaki kwingine. Jambo hili lawapasa viongozi wa Mkoa wa Lindi kulikumbuka kila wanapokaa kupanga: sikukuu ya michezo haina mizizi. Huhama upesi, na hufuata mahali palipo tayari kuipokea.

Majirani wa Nachingwea wanalijua somo hilo kwa uchungu kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa mojawapo ya sehemu zake. Mitambo ililetwa, misitu ikafyekwa, uwanja wa ndege ukatengenezwa, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango wenyewe uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya paundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ilifungwa. Mji uliojengwa kwa ajili ya jambo moja ulibaki ukitafuta jambo la pili. Kandanda nayo ni jambo moja. Timu hupanda na hushuka daraja. Kwa hiyo mtu anayejenga nyumba ya wageni kwa kutegemea mechi mbili za Simba na Yanga katika mwaka amejenga juu ya mchanga. Kinachodumu ni sifa ya mji, kwamba mgeni akifika hupokewa vyema, aje kwa mpira, kwa mnada wa korosho, au kwa harusi ya jamaa yake.

Basi tuseme kwanza na mgeni, maana naye ana wajibu wake. Ndugu wa Unguja na Pemba anayetaka kwenda Ruangwa asidhani ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Akishuka Dar es Salaam kutoka katika boti, mbele yake kuna kilomita zipatazo 450 hadi Lindi mjini, kwa njia ya Kibiti, daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, Somanga na Nangurukuru. Karibu na Mingoyo atafika njia panda inayoitwa Mnazi Mmoja, na asishangae kulisikia jina la kwao. Hapo hushika barabara ya Masasi, na akifika Nanganga hupinda kulia kuelekea Ruangwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Mwenye busara huondoka kwao siku mbili kabla ya mechi, ili asikimbizane na saa kumi ya alasiri akiwa bado yuko Kilwa.

Atazame pia majira. Kusini mvua huanza kunyesha kwa nguvu mwezi wa Desemba na huendelea hadi Aprili, na huweza kupita hapo. Mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa pamoja na kimbunga Hidaya zilibomoa barabara ya Lindi katika maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Aliyekuwa njiani siku hizo hatasahau. Kabla ya kukata tiketi, mgeni aulize hali ya njia, na abakize akiba ya siku moja katika fedha zake na katika ruhusa aliyoombea kazini.

Kuhusu malazi, apige simu mapema na aulize bei kwa maneno yaliyo wazi: ni kwa mtu au kwa chumba, kwa usiku mmoja au kwa siku zote. Akikosa Ruangwa, asikate tamaa. Nachingwea ni jirani, na Masasi haiko mbali na Nachingwea, na zote mbili ni miji yenye nyumba za wageni. Kulala Nachingwea kuna faida nyingine pia. Mji huo ndio uliowapokea wapiganaji wa FRELIMO, ambao tangu mwaka 1965 walifanya hapo mafunzo ya vita vya ukombozi vilivyoipatia Msumbiji uhuru wake tarehe 25 Juni, 1975. Kijana wa visiwani aliyefika kwa ajili ya mpira akarudi amejua habari hiyo, nauli yake haikupotea. Naye atakayeugua njiani ajue kwamba hospitali ya misheni ya Ndanda ipo katika barabara hiyo hiyo ya Masasi, mbele ya Nanganga.

Akiwa huko, mgeni asitafute pwani katika bara. Hatakuta samaki wa asubuhi, lakini atakuta ming'oko iliyochemshwa, mbaazi, na korosho zilizokaangwa na watu waliozipanda wao wenyewe. Anunue kwa mkulima. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha za ngoma au za watoto wanaotoka jandoni, kama vile sisi tusivyopenda mgeni aingie na kamera katika mambo yetu bila ya kubisha hodi. Na timu yake ikifungwa, aondoke kwa amani. Benchi atakalolivunja ni la mama anayesomesha watoto kwa benchi hilo.

Sasa tugeukie upande wa wenyeji na viongozi wao. Wako watakaosema kwamba biashara ni huria, na kwamba chumba hupanda bei kinapotakiwa na wengi kama inavyopanda nyanya wakati wa kiangazi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sisi hatuombi serikali impangie kila mwenye nyumba bei ya kitanda chake. Tunachokataa ni bei inayobadilika baada ya mgeni kuahidiwa, na bei isiyoandikwa popote, inayokisiwa kwa kutazama viatu vya mtu na kusikiliza lafudhi yake. Huo si uhuru wa biashara bali ni hadaa.

Na hakuna watu nchini wanaopaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wakulima wa Ruangwa na Nachingwea. Wao, pamoja na wenzao wa Liwale, ni wanachama wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na huuza korosho zao kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Katika mfumo huo zabuni za wanunuzi hufunguliwa hadharani, bei ikasomwa mbele ya wenye mali, nao wakakubali au wakakataa. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada kwa kuziona ni ndogo, mpaka Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtu aliyepigania haki ya kuisoma bei kabla ya kuuza hawezi kumnyima mwenzake haki ya kuisoma bei kabla ya kulala.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri za wilaya zote mbili kufanya jambo moja lisilo na gharama. Kila nyumba ya kulala wageni ibandike bei zake mlangoni, za siku za kawaida na za siku za mechi, na maofisa biashara wazipitie mara kwa mara kuona kama ndizo zinazotozwa. Magari ya abiria yanayotoka uwanjani jioni kwenda Nachingwea, Nanganga na Lindi yafanyiwe vivyo hivyo. Mgeni hachukii kulipa. Anachochukia ni kugeuzwa mjinga.

Jambo la pili linawahusu wasimamizi wa mpira wa taifa. Ratiba ni ahadi. Tarehe 8 Machi, 2025 mchezo wa Simba na Yanga uliahirishwa siku ile ile uliyokuwa uchezwe, wakati mashabiki kutoka mikoani na visiwani walikuwa wamekwisha kufika Dar es Salaam. Ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni. Ikiwa hasara hiyo iliwauma watu waliokuwa katika jiji lenye mabasi na boti kila siku, itakuwaje kwa mtu wa Wete aliyekwisha kufika Ruangwa? Mechi za viwanja vya mbali zingepaswa kulindwa zaidi, wala zisiwe ndizo za kwanza kusogezwa. Zikilazimika kusogezwa, taarifa itolewe mtu akiwa bado hajavuka bahari.

La tatu ni la viongozi wa juu wa miundombinu. Barabara ya Kibiti hadi Lindi ndiyo mlango wa kusini wote. Maji yalikwisha kutuonyesha mahali ulipo udhaifu wake. Madaraja na makalvati ya Somanga yakiwa imara, anayefaidika si mshabiki wa mpira peke yake, bali ni mgonjwa, ni mwanafunzi, ni mwenye lori la korosho, na ni mfanyabiashara wa Mafia na Kilwa anayengoja bidhaa.

Mwisho tunarudi kwetu visiwani, maana si vyema kufundisha wengine jambo ambalo sisi wenyewe tumeanza kulisahau. Watu wa Makunduchi, katika sherehe zao za Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai, wana desturi ya kutamani kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo, na nyumba isiyo na mgeni hujiona imepungukiwa na baraka. Mgeni hukaribishwa kula kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Desturi hiyo haikuletwa na idara ya utalii, bali imetoka kwa wazee waliojua kwamba mtu aliyekula kwako hawezi kukusema vibaya. Lakini katika miji yetu ya visiwani pia, nyakati za sikukuu na msimu wa watalii, tumeanza kuona vyumba vikiwa na bei mbili na nauli zikiwa na nyuso tatu. Anayekwenda Ruangwa akidai haki aitoe kwanza Forodhani.

Kwa maoni yetu, heshima iliyoletwa na timu ya kijiji kimoja cha wachimba dhahabu ni mtaji ambao serikali haikuutafuta na fedha haziwezi kuununua. Mtaji huo haumo katika nyasi za uwanja wala katika kombe lililoinuliwa pale mwaka 2020. Umo katika neno atakalolisema mgeni akishuka Malindi na mkoba wake begani, jirani akamuuliza: kulikuwaje huko? Akijibu kwamba alifungwa mpira lakini alipokewa vizuri, mwaka ujao watakwenda wawili. Akijibu kwamba alishinda mpira lakini alikamuliwa mpaka nauli ya kurudi, hatakwenda mtu. Wenyeji wa Ruangwa na Nachingwea, pamoja na viongozi wao, ndio watakaochagua jibu hilo.